Mgonjwa wa Ubaoni

Kila asubuhi mbadilisha fedha wa mtaani kwetu huandika ubaoni bei ya sarafu ya nchi jirani, taratibu, kama nesi anayeandika joto la mgonjwa. Ukimuuliza imeamkaje, anashusha sauti: "Imelala vibaya. Mwaka niliooa, ukileta moja ya kwao unapewa mbili za kwetu. Ilikuwa na afya zake."

Juzi redio ikatangaza kwamba jirani wameifuta sarafu yao. Alivua kofia, akaufuta ubao kwa leso yake mwenyewe, akapanga viti nje. Tukaketi, tukampa pole. Mama muuza vitunguu, mwenye bunda zima la noti hizo mkobani, alilia kweli.

Bosi wake akatokea mlangoni mwa duka. "Mbona hujaandika bei?"

Akamtazama kwa huruma. "Bosi, maiti hapimwi homa."