Nyumba Ambamo Mama Alikubali Kulala

Nimejenga nyumba moja tu maishani, na niliijenga vizuri. Iko Migori, kando ya barabara ya kwenda mpakani: vyumba vitatu, choo ndani, vigae sakafuni, madirisha makubwa. Sikukopa na sikusaidiwa. Nilibeba mawe ya watu Nairobi ili nijilipie karo ya chuo, nikapata diploma ya ufundi wa mitambo ya baridi, nikaenda Doha nikapoza hoteli za matajiri kwa miaka tisa, nikarudi na ujuzi wangu na akiba yangu. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mtu aliyekuja kuionea wivu nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, yenye mabati yanayopiga kelele mvua ikinyesha, hakuwa mtu aliyekosa nyumba.

Nyumba hiyo ya kupanga iko Oyugis. Mke wangu ni mwalimu. Alipandishwa cheo akawa naibu wa mwalimu mkuu, na shule aliyopewa iko nje kidogo ya mji huo. Watoto wetu wako bweni, kwa hiyo alienda peke yake, nami nikabaki Migori na duka langu la kutengeneza na kuuza friji. Tulikubaliana kwamba nitafikiria kuhama. Nikafikiria kifundi: nikachukua karatasi, nikapiga mstari katikati, Migori upande huu, Oyugis upande ule.

Upande wa Migori ulijaa haraka. Duka liko mahali pazuri. Wachimbaji wa dhahabu wa Masara wakibahatika huja kununua friza za soda, na zikiharibika hunitafuta mimi, kwa sababu vumbi la kule linaua mashine na wengi hawajui kuzifufua. Wenye hoteli hunipigia simu hata Krismasi. Diploma yangu imetundikwa juu ya kaunta na wateja huisoma wakisubiri. Mtaani naitwa Mhandisi. Sikuwatuma waniite hivyo, na sijawakataza.

Upande wa Oyugis niliandika: kodi nafuu. Ndizi na maziwa bei rahisi. Hewa safi. Mke. Nikaona neno hilo liko chini ya ndizi, nikalikata na kuliandika upya juu kabisa. Kisha nikakwama. Oyugis ni mji wa soko na steji ya matatu. Mtu aliyetengeneza mitambo ya ghorofa thelathini ataenda kutengeneza nini pale, flaski? Karatasi nikaikunja nikaitia kwenye droo, na kila mke wangu aliponiuliza, nilimwambia bado napima.

Halafu mama akashikwa na sukari.

Mama alikuwa anaishi nyumbani kwetu, upande wa Kendu Bay. Daktari alitaka awe karibu na hospitali, na dawa yake ya sindano ikae mahali pa baridi. Nikampigia simu kwa furaha, maana nilikuwa na chumba tayari, chenye feni na kitanda kipana. Akacheka.

"Nyathina, mtoto wangu, mimi nilale chini ya paa la mwanangu aliyeoa? Nikikutana na baba yako huko aliko nitamwambia nini?"

"Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Hata mimi ni wa zamani."

Kwetu Wajaluo mama halali katika nyumba ya mwanawe mwenye mke. Nilijua. Nadhani nilitumaini kwamba vigae vingemlainisha. Nikaanza kutafuta chumba cha kumpangia karibu na kwangu, na kabla sijakipata mke wangu akapiga simu.

"Mama yuko hapa. Amekula, amelala."

"Amelala wapi?"

"Chumba cha pili. Kuna chumba kingine?"

Nilipoenda kumwona, mama alinieleza bila kuona haya, kama wakili. "Hii si nyumba yako. Nimeuliza. Ploti hii ya kupangisha ina mwenyewe, na risiti ya kodi ina jina la mwalimu. Hukuijenga. Siku utakayolala hapa, mimi nitatoka."

Na alitoka. Kila Jumamosi niliyofika, alikunja blanketi lake, akachukua fimbo, akavuka barabara kwenda kulala kwa mama mmoja wanayesali naye. Mimi nikalala kwenye nyumba iliyomfukuza mama kwa sababu yangu. Jumapili jioni nikiingia kwenye gari la Migori, yeye tayari alikuwa anarudi na blanketi kwapani.

Ndipo wivu ulipoanza. Kwenye simu niliwasikia wawili hao wakicheka na sikuambiwa wanacheka nini. Mama alisifu upepo wa nyumba ile, akasifu jua lake la asubuhi. Yangu alikuwa ameiona mara mbili, mchana, akasema sakafu inateleza. Alimwita mke wangu "binti yangu". Kabla ya Oyugis alikuwa anamwita "mke wako". Nikiwa peke yangu kwenye vyumba vyangu vitatu nilikuwa natembea nikifunga milango ambayo hakuna aliyeifungua.

Kitu kimoja tu mle ndani kilikuwa changu: friji. Niliipeleka mwenyewe kwa ajili ya dawa, nikaifunga mwenyewe, na kati yake na ukuta nikaweka gadi niliyotoka nayo Doha, kile kifaa kinachokata stima ikipungua ili friji isiungue. Mama aliziangalia taa zake akasema, "Inakonyeza." Niliondoka siku hiyo nikijiona nina mkono katika nyumba ile.

Jumanne moja mke wangu alipiga simu, friji imezima. Duka lilikuwa na wateja. Nikamwambia asogeze simu nyuma ya friji ili nisikilize, na wateja wakanyamaza wote, nikafurahi kidogo walivyonyamaza.

"Ni gesi imeisha," nikasema. "Nitakuja Jumamosi."

"Jumamosi? Dawa ya mama iko ndani."

"Usifungue mlango. Baridi itakaa."

Akasema, "Sawa, Mhandisi."

Hakuwa ameniita hivyo hata siku moja.

Kesho yake mchana akapiga tena. "Usihangaike. Imetengenezwa."

"Na nani?"

"Kuna mtu hapa steji. Anatengeneza redio."

Nilifunga duka saa ileile. Friji ilipokufa sikufunga. Nilifunga niliposikia imefufuliwa na mtu wa redio, na njia nzima kutoka Migori nilikuwa napanga nitakachosema nikikuta nyaya zimefungwa kwa karatasi ya plastiki.

Nilifika saa kumi na moja kasoro. Mama alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya kigoda, imevimba. Nilimsalimia, nikaivuta friji kutoka ukutani kabla hata ya kuletewa maji ya kunywa. Ilikuwa inanguruma vizuri. Nikatafuta ubaya. Nyaya zimefungwa kwa nidhamu, risasi ya kuunganishia imekaa safi, hata vumbi limepanguswa. Kwenye gadi yangu, kile kitufe cha kuzungusha kilikuwa kimesogezwa, na kando yake kuna alama ndogo ya tiki, nyekundu. Niliijua kalamu hiyo. Imesahihisha madaftari mezani pangu miaka kumi na sita.

"Umempa tiki?"

"Alisema kitufe kikae hapo, kisiguswe," mke wangu akasema. "Nikaweka alama. Ndiyo kalamu niliyokuwa nayo."

Mama akadakia. "Na dawa huyo fundi aliniwekea kwenye chungu ndani ya chungu kingine, katikati mchanga uliomwagiwa maji. Kikakaa chini ya kitanda, baridi kama kisima. Huko Arabuni hamkuwa na vyungu?"

Nikaenda steji.

Kibanda chake ni cha mbao, redio zimepangwa hadi darini. Ni mtu wa rika langu, miwani imefungwa kwa uzi.

"Karibu, bwana ya mwalimu," akasema kabla sijajitambulisha.

"Mimi ni fundi wa friji," nikasema. "Nina diploma."

"Mwalimu aliniambia. Hata niliogopa kuishika. Nikamwambia, bwana yako akija ataniua."

"Nilisema ni gesi."

"Gesi iko. Ni rilei iliungua, hiyo swichi ya kuwasha kompresa." Akavuta kiti akanipa. "Hapa jioni mashine za kusaga unga zikiwaka, stima inaenda chini. Hiyo gadi yako inazima, inawasha, inazima, inawasha. Kompresa haipati kupumua. Nimeiongezea dakika za kungoja, basi. Huko ulikuwa, stima haichoki, si ndiyo?"

"Haichoki."

"Hapa inachoka. Ukikaa, unaizoea."

Yule mtu hakuwa na dharau yoyote, na hilo ndilo lililoniuma. Mimi ndiye niliyekiweka kitufe kile, kama nilivyofundishwa mahali ambapo stima ni ileile mchana na usiku. Nilikuwa nimelala Oyugis Jumamosi kadhaa tu, na jioni zake sikuzijua. Nilimwonea wivu kwa jioni hizo. Yeye hupita mlango wa mke wangu akitoka kazini. Anajua stima inapungua saa ngapi kwenye nyumba aliyomo mama yangu.

Nilipoinuka akaniambia, "Ndugu, kuna friza tatu za mama wa samaki, hapo ndani sokoni. Hizo ni gesi kweli, na gesi siijui. Nilikuwa nangoja mwalimu akuulize."

Nilirudi jua likiwa bado halijazama. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, anakunja blanketi.

"Unaenda wapi?"

"Umekuja," akasema. "Si ni lazima nitoke?"

Ilikuwa Jumatano. Mwenyeji wake wa ng'ambo ya barabara hakuwa na habari. Nikaitazama miguu yake, nikaitazama barabara na pikipiki zake. Mke wangu alikuwa ananitazama mimi. Miezi yote hiyo nilikuwa napima, na kumbe kila nilipokuja kupima mwanamke huyu mgonjwa alivuka barabara.

"Keti, mama," nikasema.

Kareteka, mtunzaji wa ploti, alinionyesha chumba kimoja cha kulala mimi, mwisho wa mstari wa vyumba, karibu na bomba. Kilikuwa kimewekwa mahindi. Nilikilipia siku hiyo, nikafagia mwenyewe. Mama alikuja hadi mlangoni na fimbo yake, akachungulia.

"Hiki nacho ni cha kupanga?"

"Ndiyo."

"Risiti ina jina la nani?"

"Langu."

"Basi huku siingii," akasema. "Chai utaletewa."

"Na mimi?" mke wangu akauliza nyuma yake. "Mimi nalala kwa nani?"

"Wewe una miguu mizima," mama akamjibu, na wakaanza kucheka tena. Safari hii nilijua wanacheka nini.

Nyumba ya Migori sasa ina mpangaji, mwenye hoteli, na anaitunza. Friza tatu za samaki nilizifufua, na nyingine zimefuata kutoka Kendu Bay. Mtu wa redio na mimi tumegawana kibanda. Hapa hakuna anayeniita Mhandisi. Naitwa bwana ya mwalimu, na wivu haujaisha. Nikiwa kwenye chumba changu jioni nawasikia upande wa pili wakiongea, na chai huja ikiwa imepoa.

Mwezi uliopita nilileta diploma. Chumbani kwangu ukuta ni wa udongo, haushiki msumari, kwa hiyo mke wangu akasema niitundike kwao, sebuleni. Nilikuwa nimeshapanda kwenye kiti, nyundo mkononi, mama aliponiita kwa jina langu la utotoni.

"Ukiitundika hapo, watu wakiingia watasema hii ni nyumba ya nani?"

Nilishuka. Iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwa gazeti.