Jani la Baba Mkwe

Niliolewa Buyangu, pembeni mwa msitu wa Kakamega, miaka ya tisini ikianza. Kwetu Lugari nilizoea mahindi, na mahindi hayana ujanja: ni hindi au ni gugu. Kumbe huku kuna mitambaazi miwili inayofanana kama pacha, ile ambayo vitabuni huitwa klematisi. Yote miwili maua yake ni meupe, yote hupanda miti kwa kujisokota na vikonyo vya majani, yote hutoa mbegu zenye ndevu nyeupe.

Baba mkwe alisumbuliwa na kichwa. Kilipomshika, dawa yake ilikuwa kuponda majani ya mmoja wa mitambaazi hiyo na kuvuta harufu yake kali. Ule mwingine, alishikilia, haumsaidii kitu. Mama mkwe alipoanza kuumwa magoti, kazi ya kuchuma ikaniangukia mimi, na siku niliyokosea mzee alishinda amelala akiugua. Niliumia, maana nilimpenda mzee yule tangu siku ya kwanza, naye aliniona mgeni tu. Alimwambia mkewe, "Mwambie huyo wa Lugari, hii ameleta ni ya msitu."

Kunifundisha nako kulikuwa kazi. Kwa desturi yetu, mkaza mwana na baba mkwe hawapeani mikono wala hawakaribiani. Basi akaweka majani mawili juu ya jiwe la kunolea panga uani, akarudi nyuma mpaka mlangoni mwa zizi. Ndipo nami nikasogea, nikayachukua.

"Usiangalie maua," akapaza sauti, macho ameyaelekeza kwenye mgomba. "Maua inadanganyanga. Papasa chini ya jani."

Nikapapasa. Moja lilikuwa pana na laini. La pili, lile la dawa, dogo lenye meno pembeni, lilikuwa na manyoya kama sikio la ndama. Tangu hapo ningeweza kuchuma nimefumba macho.

Siku kichwa kilipomshika tena, niliweka fungu juu ya jiwe, nikarudi nyuma. Akaja polepole, akapapasa jani la juu, la katikati, la chini. Hakuniamini hata kidogo. Kisha akaponda, akavuta, akapiga chafya iliyotimua kuku.

"Mama watoto," akamwita mkewe jikoni, "mwambie huyo wetu aniletee chai."

Nilimpikia ya maziwa matupu, bila tone la maji, nikaiweka juu ya jiwe.