Bwawa la Kuku

Ofisi yetu huchora maji. Tunatazama picha zilizopigwa kutoka angani, tunafuata kingo za ziwa, vijito na mabwawa kwa mstari wa bluu, na anayeomba kibali cha kujenga karibu na mstari huo hurudishwa. Mchoraji mkuu tulimbandika jina la Bwana Ufuko, ingawa viatu vyake havikuwahi kuona tope. Waombaji waliokuja kumlilia aliwajibu kwa upole, "Picha haina shangazi," akaendelea na chai yake.

Siku moja aliyekuja ni dada yake mkubwa. Mama yao alikuwa akiishi kwa Bwana Ufuko, ghorofa ya tatu, na tangu magoti yamgomee, jua aliliona dirishani tu. Dada alitaka kumjengea chumba uani kwake, mlango usawa wa ardhi. Ombi lilikuwa limekataliwa: kiwanja kina bwawa linalolindwa.

"Bwawa gani, mdogo wangu? Mimi maji nanunua kwa jirani!"

"Dada, kompyuta imeliona, na mimi nikalithibitisha."

"Hebu nionyeshe, nikafulie."

Akalikuza kwenye skrini. Nami nikasogeza kiti. Lilikuwa bwawa zuri, la bluu, lenye pembe nne zilizonyooka kama za meza.

"Hilo ni banda langu la kuku," dada akasema. "Na rangi ya bati uliniletea wewe."

Kweli. Yalikuwa masalio ya rangi tunayopaka vigingi vya ufukoni.

Mtu mwingine angelifuta pale pale. Bwana Ufuko alikohoa, akaeleza kwamba maji yakishaingia kwenye ramani hayatoki mpaka mkaguzi afike msimu wa mvua na kukuta pakavu, watu wasije wakafukia vinamasi wakati wa kiangazi. Kanuni hiyo aliipendekeza mwenyewe, na sote tulimpigia makofi.

Dada akatazama nje, kwenye vumbi. "Haya, baba wa taratibu. Mpaka inyeshe, mama akitaka jua utambeba."

Akambeba. Kila jioni akitoka kazini, ngazi zote, kushuka na kupanda, mama mgongoni na kigoda mkononi. Majirani wakamsifu kwamba huyo ndiye mtoto, naye hakuona haja ya kuwaeleza zaidi.

Mvua zilipoanza alikwenda kukagua. Alirudi ofisini na tope hadi magotini na unyoya begani, akajaza fomu kwa mwandiko wake mzuri: "Pakavu. Pana kuku."

Chumba kikafika kwenye paa. Fundi akauliza bati la rangi gani. Bwana Ufuko akafungua kinywa.

"Wewe nyamaza," mama akasema, amekaa juani kwenye kigoda chake. "Fundi, bluu hapana. Na kijani usilete, huyu atasema ni msitu."