Cheti cha Jiko Chenye Alama E

Jumanne iliyopita nilipanga foleni katika ofisi moja ya misaada, Kakuma. Mbele yangu mama wa Kiturkana alimpa karani cheti alichoachiwa na wakaguzi waliopita nyumbani wakiangalia jiko la nani linakula kuni nyingi.

"Hii E ni nini?"

"Ni alama ya mwisho, mama. Jiko yako inakula kuni mingi sana."

Mama akamkazia macho. "Hiyo kuni natafuta mimi na miguu yangu. Mlifikiri sijui?"

Karani akakuna shingo, akainama, akatoa jiko jipya la udongo. "Watu wa E wanapewa hii bure."

Mama akajitwika kichwani, akaenda zake.

Aliyefuata, kabla yangu, alikuwa mwalimu, mkimbizi kutoka Sudan. Cheti chake chenye A alikihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Alikitoa polepole, akakiweka mezani.

"Ndugu, angalia tena," alimwambia karani kwa sauti ya chini. "Kwangu kuni ni kidogo kwa sababu tunapika mara moja tu kwa siku. Labda mlinipatia alama nyingi."

Nimefundishwa na walimu wengi. Huyu ndiye wa kwanza niliyemsikia akiomba alama zipunguzwe.