Siku kitabu kilipokosea kuhusu ngamia, binti yangu akaanza kusoma

Salaam aleikum wakuu, na wale wa habari, habari zenu.

Leo nina kisa cha nyumbani kwangu hapa Isiolo. Mke wangu pia yuko humu jukwaani, na ID yake amekataa kuniambia mpaka leo. Kwa hivyo siwezi kuongeza chumvi hata nikitaka, ataniumbua kwenye comments.

Nina watoto wawili. Mkubwa ni Sahra. Mdogo ni Jamaal.

Mama yao aliugua sana baada ya kumzaa Jamaal. Mama yangu, ambaye watoto humwita ayeeyo, akamchukua Sahra kwake upande wa Burat, anakofuga ngamia. Tulidhani ni kwa muda mfupi. Muda ukavutika. Aliporudi mjini alikuwa msichana mkubwa, anajua kila kitu kuhusu ngamia, na shule hajui hata inaingiwa mlango gani. Wakamweka tu darasa la karibu na umri wake.

Jamaal naye alianza nursery mapema, akawa anasoma mpaka maandishi ya paketi ya majani chai. Mnaona shida ilipoanzia.

Sasa mimi ni mtu wa Canter. Napeleka mizigo Oldonyiro siku za soko, na nikienda Nairobi sirudi mikono mitupu. Nilikuwa nanunua vitabu bila kufikiri. Vya Kiingereza vyenye theluji na majumba ya mawe. Vya Kiswahili ambavyo kila mtoto mtundu anavunjika mguu ukurasa wa mwisho ili ajifunze. Mke wangu akaongeza vya marudio ya mtihani, eti atapata hamu.

Hamu ya nini jamani? Mimi mwenyewe nilivifungua nikasinzia.

Lakini Sahra alionekana anasoma. Jioni anakaa na kitabu, anatamka maneno yote vizuri, hata sauti inapanda na kushuka. Nikajigamba kwa madereva wenzangu.

Kumbe wapi. Siku moja mama yake akapita nyuma yake, akaona msichana anasoma kisa cha sungura huku kitabu kimefunguka kwenye picha ya treni. Alikuwa anamsikiliza Jamaal akisoma kwa sauti, anashika yote kichwani, halafu anatusomea sisi.

Niweke hili hapa kwa sababu mtalihitaji mbele. Sahra ni hodari sana madrasa. Kichwa chake kinashika. Ukimsomea sura leo, kesho anakurudishia. Ndiyo maana alituweza.

Haikuchukua muda mwalimu wake, Madam Kendi, akaniita shuleni. Ni mama mpole wa Kimeru, hapendi kuzunguka maneno.

"Baba Sahra, huyu mtoto hasomi. Anakariri. Mwaka ukiisha hivi, itabidi arudie Grade 3."

Na mwaka unaofuata ni nani anaingia Grade 3? Jamaal.

Nilidhani tutalificha hilo nyumbani. Jamaal mwenyewe alilisikia shuleni, akalileta mezani kama habari njema. Sahra aliweka kijiko chini.

"Nikikaa darasa moja na Jamaal, mimi narudi kwa ayeeyo."

Hakupiga kelele wala kulia, na hicho ndicho kilichonitisha. Namjua, ni mimi mtupu, akisema amesema. Nilipompigia mama yangu nikitegemea atanisaidia, alifurahi. "Mlete," akasema. "Hapa anajua kazi yake."

Wakuu, sina dharau na ngamia. Wamenilea. Lakini mtoto akiondoka shule kwa aibu, kumrudisha ni kazi nyingine kabisa, na wazazi wa huku kwetu wanajua ninachosema. Nilikuwa naona kabisa nikimpoteza mara ya pili.

Sasa kitabu chenyewe. Nisijifanye nilikichagua kwa akili. Kuna jamaa anauza mitumba karibu na stage, na katikati ya viatu huwa na boksi la vitabu vilivyotumika. Nikaona kimoja kina ngamia kwenye jalada. Nikakichukua kwa sababu ya ngamia, basi.

Jioni baada ya alasiri tuliketi kwenye mkeka nje. Mama yake anachambua maharagwe, Jamaal ameenda mpira, na hilo lilikuwa jambo la maana kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumsomea kwanza. Kitabu kipya, hakuna cha kukariri.

Akaanza. Polepole. Neno, kimya, neno. Mimi nimejikaza nisimsaidie, na kunyamaza kwangu si kazi rahisi, mke wangu atathibitisha.

Akafika mahali akasimama. Akarudi nyuma. Akasoma tena sentensi ile ile. Akarudi tena. Nikaona macho yanaanza kujaa.

"Aabo," akasema, yaani baba, "mimi nimesoma vibaya ama kitabu ndio imekosea?"

Nikadhani amesoma vibaya. Nikachukua kitabu. Kimeandikwa hivi: msichana aliketi kwenye kigoda, akaanza kumkamua ngamia wake.

Kigoda!

Kwa ndugu zetu ambao hawajawahi kukaribia ngamia. Ngamia hukamuliwa ukiwa umesimama. Tena unasimama kwa mguu mmoja, mwingine unaukunja unyayo uguse goti, chombo unakiweka juu ya paja. Ukikaa kwenye kigoda hapo chini hufikii kitu, na akigeuka anakukanyaga. Mwandishi alikuwa amewaza ng'ombe akaandika ngamia.

"Umesoma sawa," nikamwambia. "Kitabu ndicho kimekosea."

Alinitazama kama nimesema jambo baya.

"Kitabu inaweza kukosea?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na nimelifikiria sana tangu siku ile. Madrasa, ukikwama, kosa ni lako. Na ni haki iwe hivyo, kile ni kitabu cha Mungu, hakuna herufi ya kubishania. Sahra alitoka kwa ayeeyo akaingia madrasa kabla ya shule. Kitabu cha kwanza kukijua maishani ni Msahafu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba hivi vingine ni vitu tofauti. Kila neno lililomshinda shuleni alijua ni yeye mbaya, na mtu akiwa mbaya mbele ya kitabu kitakatifu anafanya nini? Anajificha.

Nikamwambia, "Msahafu haukosei. Lakini hiki kimeandikwa na mtu tu, kama mimi."

"Kama wewe?"

"Kama mimi."

Akanikagua kuanzia kofia mpaka ndala. Halafu akacheka. Akacheka mpaka akaangukia maharagwe ya mama yake, na mama yake badala ya kumkemea akacheka zaidi. Sikuona cha kuchekesha sana, lakini nilikubali.

"Hebu tuone amedanganya wapi tena," akasema, akanyang'anya kitabu.

Wakuu, yule mtoto alikisoma kile kitabu kama askari anayekagua lori kwenye roadblock. Ukurasa uliofuata, ndama amefungwa mbali wakati mama anakamuliwa. "Na maziwa itashuka aje?" akauliza, kwa sababu ngamia asipoona mtoto wake hatoi. Jua lilizama akiwa hajamaliza, na ni yeye aliyekataa kuacha.

Baada ya hapo niliacha kumnunulia. Nilimpeleka kwenye lile boksi mwenyewe. Alikuwa anachutama pale, anasoma kidogo, anarudisha. Kimoja alikifunga kwa dharau.

"Hii inanifundisha adabu tu."

Nikakumbuka vyote nilivyowahi kubeba kutoka Nairobi.

Akachagua cha fisi, akabishana nacho kwa sababu fisi kule ndani ni mjinga na yeye anajua fisi si mjinga. Akachagua cha mama mwenye duka, hicho hakukipata na kosa, akakisoma mara mbili akitafuta.

Mke wangu akaingiwa na wasiwasi kwamba namfundisha ubishi. Na kweli, Madam Kendi akanipigia simu: Sahra amesimama darasani akasema kitabu cha shule kimekosea kuhusu mvua.

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Baba Sahra, ananisumbua sana. Lakini siku hizi ananisumbua akiwa amefungua kitabu."

Sasa mnangoja niseme alishinda mtihani akapanda darasa. Hapana. Mwisho wa mwaka alimsomea Madam ukurasa ambao hajawahi kuuona, wote, peke yake, polepole. Lakini kuandika bado, na hesabu zenye maneno mengi bado. Madam akasema arudie, asije akazama huko mbele. Nilibishana naye, nikapandisha sauti hata, na nilijua ana haki.

Njiani kurudi nilikuwa na hofu tupu. Niliona nguo zake zikiingia kwenye mfuko, niliona safari ya Burat.

Tulimwambia sebuleni, mimi na mama yake. Jamaal alikuwepo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema neno.

Sahra alimtazama Jamaal kwanza.

"Kwa hivyo nitakaa na Jamaal."

"Ndiyo, mama."

"Basi mwambie Madam amuweke mbali na mimi. Huyu hutingisha dawati, na mimi bado nasoma polepole."

Akaenda zake.

Nililia wakuu. Sikulia kwa huzuni. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, kumwahidi vitu, hata kumkasirikia, na yeye shida yake ilikuwa dawati.

Nilichojifunza ni kidogo na sijui kama kitamfaa mtoto wako. Tulikuwa tunachagua vitabu vya kumfundisha asichojua. Labda cha kwanza kiwe kile ambacho yeye anajua kuliko mwandishi, akishinde hata mara moja, aone kwamba aliyekaa upande ule mwingine ni mtu. Na mtoto wa madrasa aelezwe mapema kwamba kitabu cha hadithi anaruhusiwa kukibishia. Sisi tulidhani anajua.

Wale wa "chapa tu atasoma", nawaona, karibuni pia, nina muda leo Canter iko gereji.

Na wewe mwenzangu, mtoto wako amewahi kukamata kitabu kikidanganya? Tuambie kilisema nini, na kama alikitupa ama alikisoma mpaka mwisho.