Gari la Mkunga na Mguu wa Thelathini

Idara ya Mazishi ya Manispaa, katika waraka uliopigwa mhuri mara mbili usije ukatiliwa shaka, imetamka kwamba gari la maiti litakwenda mwendo mmoja, nao ni kilomita thelathini kwa saa, tangu geti la hospitali hadi geti la makaburi. Kwamba mwendo huo hautaongezwa wala kupunguzwa kwa sababu ya mvua, jua au maombi ya wafiwa. Na kwamba sababu ya yote hayo ni kuwa marehemu hana haraka. Waraka hausemi ni nani aliyemuuliza marehemu.

Dereva wa gari hilo aliusoma waraka siku aliyoajiriwa, akaukunja, akauchomeka juu ya kioo cha mbele, na tangu hapo hakuhitaji kuufungua. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeuhifadhi. Mtaani walimwita Thelathini, na walimwita hivyo hata wakimkuta anatembea kwa miguu. Waendesha baiskeli walimpita wakimpungia mkono. Siku moja alipitwa na mbuzi, ingawa Thelathini mwenyewe husisitiza kwamba mbuzi yule alitangulia kuanza.

Pamoja na hayo alijihesabu dereva, tena dereva hasa. Hakuwahi kugonga hata kopo. Hakuna jeneza lililowahi kuteleza nyuma yake. Taabu ni kwamba hapakuwa na mtu wa kukubaliana naye, kwa kuwa wakazi wa mji ule walimtambua dereva kwa jinsi anavyowafanya abiria wake wamkumbuke Mungu.

"Mjomba si dereva," mkwe wa dada yake alizoea kusema mbele ya ukoo mzima. "Mjomba ni mbeba jeneza aliyeongezewa magurudumu."

Watu walicheka. Thelathini naye alicheka, maana mkwe ni mkwe. Lakini alicheka kwa meno tu.

Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa, alikuwa mkunga katika hospitali ile ile, jengo la mbele. Yeye Thelathini alipakia jengo la nyuma. Watani walisema ukoo ule umeshika milango yote miwili, na mtu akitaka kukwepa kupita mikononi mwao basi asizaliwe. Mwaka wa kustaafu ulipokaribia, Mkunga akanunua gari. Si gari la kubebea wajukuu na magunia; gari jekundu la milango miwili, lililolala chini kama paka anayenyemelea, na lenye injini ambayo ikiwashwa, vioo vya madirisha ya jirani huitikia.

"Wifi, kwa umri huu?" mke wa Thelathini aliuliza.

"Miaka yote nimekimbilia haraka za watu," Mkunga alijibu. "Sasa nataka haraka yangu mwenyewe."

Na haraka hiyo ilikuwa na anwani. Kila mwaka chama cha wenye magari ya namna ile huomba kibali, barabara ya machimbo ya mawe ikafungwa, wakapanda mlima mmoja mmoja kwa kadiri injini zinavyoweza. Mkunga alitaka kupanda mara moja kabla magoti hayajamkataza kushuka kwenye kiti kilicho chini namna ile. Sharti la chama chao lilikuwa moja: gari jipya lisipande mpaka limalize kilomita elfu mbili za kuzoeza injini, na fundi wa kampuni iliyoliuza alikague, abadilishe oili, atie sahihi. Mkunga hakuwa na nafasi. Kutoka kwake hadi wodini ni karibu mno. Angefika injini haijapata hata joto, na hakuna kinachoidhuru injini changa kama kuwashwa na kuzimwa ikiwa baridi kila siku. Alihitaji mtu mwenye likizo na mguu mtulivu.

Mkwe alijitokeza akiwa amekwisha kunyoosha kiganja. "Mama, lete ufunguo. Siku mbili tu nakuletea limeiva."

"Limeiva au limeungua?" Mkunga aliuliza, akampa ufunguo kaka yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza likizo.

Thelathini aliupokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa kichanga, jambo ambalo kikazi lilikuwa upande wa dada yake.

Wiki nzima aliendesha gari lile kama alivyojua. Asubuhi aliliwasha, akasubiri lipate joto, akatoka nalo nje ya mji, akapanga gia ya mwisho na kushika thelathini yake. Injini ilinung'unika chini kwa chini kama mzee aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi. Thelathini aliuona mnung'uniko huo ni shukrani. Mkwe alimpita njiani, akashusha kioo, akapaza sauti: "Mjomba! Kawia ufike, lakini ufike basi!"

Wiki ilipokwisha, kilomita zikiwa bado nusu, alilipeleka kwa fundi akaliangalie, mwanamke mfupi mwenye ovaroli na penseli nyuma ya sikio. Fundi alichomeka kifaa chake, akakisoma, akamtazama Thelathini, akakisoma tena.

"Mzee wangu, hili gari uliliendesha au ulilisindikiza?"

"Nimelitunza."

"Umelibembeleza likalala. Sikiliza. Ringi za pistoni bado ni ngeni mle ndani. Zinataka zikandamizwe kwenye kuta za silinda, ziachiwe, zikandamizwe tena, mpaka zikae. Ukienda mwendo mmoja, tena kwa gia kubwa namna hii, zinasinzia tu. Ni kweli usikanyage mpaka chini, wala mshale usivuke mizunguko elfu nne kwa dakika. Lakini chini ya hapo panda, shuka, panda, shuka! Hata breki na tairi zinataka kuzoezwa, kidogo kidogo, bila kushtuliwa." Akachomoa kifaa. "Ukimaliza hivi ulivyoanza, litakunywa oili kama ng'ombe. Na mimi sahihi yangu siitii."

Thelathini alirudi njia nzima kwa thelathini, safari hii kwa huzuni. Alichokuwa akijivunia ndicho kilichokuwa kinaliua gari la dada yake.

Kesho yake alijaribu. Lakini mguu ule ulikuwa umezoea vya kunyonga. Alipofika arubaini, jasho lilimtoka. Alipofika hamsini alitupa jicho kwenye kioo kuangalia kama wafiwa wanamfuata, na mguu ukarudi wenyewe pale ulipozoea. Siku ya mapumziko ya Mkunga ilipofika, aliketi kando ya kaka yake, akautazama mguu ule jinsi anavyotazama mambo wodini, bila haraka na bila huruma nyingi.

"Kaka, unapumua?"

"Napumua."

"Hupumui. Rudisha gia moja. Vuta pumzi. Haya, sukuma."

Akasukuma.

"Usisukume kwa woga, hiyo haihesabiwi. Sukuma! Eeh... hivyo hivyo... usiache, usiache..." Mshale ulipanda elfu mbili, elfu tatu, ukakaribia nne. Miti ya kando ikaanza kuonyesha haraka ambayo Thelathini hakuwahi kuiona kwa miti. "Sasa acha. Legeza. Pumzika."

Akainua mguu. Injini yenyewe ikalishika gari, ikakohoa kidogo kwa raha, na mwendo ukashuka taratibu.

"Vizuri sana, mama," Mkunga alisema kwa mazoea.

Wakaendelea hivyo kutwa, mlima na mteremko, kona na kunyooka. Askari aliyewasimamisha kizuizini aliinama dirishani huku Mkunga hajakatisha somo lake: "Bado, bado, usisukume mpaka nikwambie!" Askari akaruka nyuma, akaondoa kizuizi, hakuuliza leseni. Aliomba tu, mtoto akizaliwa salama, wamletee habari.

Tangu siku hiyo Thelathini alikwenda peke yake, akijisemea mwenyewe: sukuma, pumzika. Hakuongoza msafara tena. Alizungumza na kitu kinachojibu. Alianza kuisikia injini ikifunguka koo, kila siku nyepesi zaidi kuliko jana.

Kilomita zilipokaribia kutimia, mkwe alimtokea tena nyuma kwenye barabara iliyonyooka, akipiga honi. Thelathini alikuwa ndiyo kwanza amesukuma. Chini ya mguu wake alihisi nguvu ambayo haijawahi kuguswa, na alijua bila shaka yoyote kwamba akikanyaga mpaka chini, mkwe atabaki kwenye kioo kama kosa dogo la uchapaji. Mshale uligusa elfu nne. Thelathini akainua mguu. Mkwe akapita akicheka, akapotea kwenye vumbi lake mwenyewe.

Kuwa na uwezo wa kumpita mtu na usimpite ni kazi ngumu kuliko zote katika kuzoeza injini. Katika mji mzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa ameifanyia mazoezi maisha yake yote.

Fundi alimwaga oili ya kwanza, akaisugua kati ya vidole, akaiangalia kwenye mwanga. Alichomeka kifaa, akasoma mara moja tu. Kisha alichomoa penseli nyuma ya sikio, akairudisha, akatafuta kalamu ya wino.

Siku ya mlima Mkunga alishika usukani na Thelathini akafunga mkanda upande wa abiria. Mkwe alikuwa juu, miongoni mwa watazamaji, na simu yake tayari kupiga picha za aibu. Bendera iliposhuka, gari liliondoka. Kwa mara ya kwanza mshale ulipita elfu nne na haukusimama.

"Sukuma, dada!" Thelathini alipaza sauti. "Sukuma!"

"Wewe pumua!" Mkunga alijibu, akaila kona ya kwanza.

Injini iliimba mpaka kileleni pasipo kukwama, pasipo moshi. Mkunga alitoka wa nne kati ya wote, na alihitaji mikono ya watu wawili kumwinua kitini, lakini aliinuka anacheka. Fundi alichomoa kijiti cha oili papo hapo: oili ilikuwa imesimama pale pale alipoiacha. Mwenyekiti wa chama, mtu asiyesifu gari lisilo lake, alizunguka lile jekundu mara mbili.

"Nani amekuzoezea gari hili?"

"Kaka yangu," Mkunga alisema, kwa sauti aliyozoea kutangazia mapacha. "Ni dereva."

Mkwe aliangalia viatu vyake, kisha akaja, akainama kidogo. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," Thelathini aliitika. Safari hii meno yalipata msaada wa uso mzima.

Jumatatu likizo iliisha, akarudi kazini. Waraka ulikuwa mahali pake juu ya kioo. Marehemu wa siku hiyo alifika makaburini wachimbaji wakiwa bado wamo shimoni hadi kiunoni, ikabidi asubiri kidogo kivulini. Hakuna aliyelalamika.