Kuni za Mzazi

Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mwanamke. Hivyo ndivyo tulivyolelewa Mji wa Kale, na ndiyo maana binti yangu wa pekee aliposhika mimba, mwaka vita vilipokwisha, nilianza kutafuta kuni kabla ya nguo za mtoto. Mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka arubaini itimie, na huwekewa chungu cha makaa chini ya kitanda. Moto wa moshi ni adhabu kwake na kwa mtoto.

Nilinunua kuni za mikoko, nikaziegemeza ukutani uani nikidhani nazikinga na mvua. Upumbavu mtupu. Kuta zetu za matumbawe hutoka jasho la chumvi, na baada ya wiki mbili kuni za chini zilikuwa zimeota ukungu. Nilijitukana, nikazipandisha zote juu ya paa, kwenye kibanda cha makuti, mzigo kwa mzigo, nikazipanga juu ya fito ili upepo upite chini. Kila siku ya tatu nilizigeuza. Nilizigonga mbili mbili nikisikiliza: mbichi hutoa sauti nzito, kavu hulia kama vigae.

Siku moja binti yangu alikuja na mumewe kunijulia hali, wakanikuta napasua kuni. Mkwe wangu alikaa barazani akinywa kahawa. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kwamba mwanangu ameolewa na mto wa kuegemea. Mwanangu alivaa buibui lake akaondoka bila kuaga. Baadaye niliambiwa ameapa hatakanyaga kwangu mpaka nimtake mumewe radhi.

Mimi, nimtake radhi kijana yule? Nikaendelea kugeuza kuni. Nilikuwa mjane katika nyumba ya vyumba vitatu, na siku nyingine mtu pekee niliyesema naye alikuwa muuza maji. Upweke ulinitafuna, lakini nilijiambia atakuja tu, kwani nani huzalia ukweni mimba ya kwanza? Mwezi wa nane wa mimba ukapita.

Asubuhi moja ya masika alibisha hodi wifi yake, dada wa mkwe wangu.

"Subalkheri, mama. Mwanao kajifungua jana, kapata binti. Wote wazima, alhamdulillahi. Lakini kuni zetu zimerowa, moshi wamuumiza matso. Mamangu yuwakusalimu, na yuwaomba kuni."

"Na mwanangu asemaje?"

Aliinamisha uso. "Hakusema neno, mama."

Nilimwita hamali mwenye mkokoteni. Tulizishusha zote, zilizokauka vizuri zikawekwa juu ili zianze kuwashwa. Yule wifi akaniuliza kwa upole, "Twende, mama?" Nikamjibu nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Nilitaka mwanangu mwenyewe aniite.

Hamali alirudi adhuhuri akaniambia moto umeshika mara moja, bila moshi. Nilimpa maji akanywa, nikafunga mlango, nikalia. Kutoka kwangu hadi kwa wakwe zake Tononoka si safari. Bibi kizee huenda kwa miguu na kurudi kabla ya alasiri. Siku arubaini mjukuu wangu alipata joto la kuni nilizozikausha kwa mikono yangu, nami siku zote hizo nilikaa ndani nikisikiliza mlango. Hakuna mtu aliyenizuia kwenda.